Jibu la Kwanza Ndilo Jibu

Msiniulize nchi hiyo iko wapi. Nikiwatajia mtasema, "Aa, mbona hii tunaijua!" kisha mtaniletea maneno bure. Mimi ni fundi baiskeli, jina langu Sangoda, na sina ugomvi na serikali yoyote, iliyopo wala ijayo. Nasimulia tu yaliyotokea mtaani kwetu, tena kwa nia njema kabisa.

Siku moja Mtukufu Mkuu wa Nchi alirudi kutoka safari ya mbali. Huko alikokwenda aliwakuta wenyeji wanazungumza lugha yao, na yeye haambulii hata neno. Jambo hilo lilimuuma. Akasimama redioni akasema, "Ndugu wananchi, haiwezekani! Wenzetu wana lugha ambayo sisi hatuielewi. Nasi lazima tuwe na lugha ambayo wao hawaielewi!" Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Hoja ilikuwa nzito, nani angeipinga?

Ikaundwa kamati ya wataalamu saba. Wakakaa hotelini kando ya ziwa miezi kumi na mmoja, wakala samaki wote wa ziwa lile, wakatoka na lugha mpya iitwayo Kitukufu. Ilikuwa lugha nzuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba hakuna mtu aliyeizungumza. Hata wale wataalamu saba siku ya kuondoka waliagana kwa kupungiana mikono.

Ndipo likatoka tangazo. Kila mtu mzima aende shule ya msingi iliyo karibu naye, kila siku saa tisa alasiri, akajifunze Kitukufu. Asiyekwenda atahesabiwa kuwa bubu, na bubu hana haki ya kulalamika popote. Kwa kuwa sisi kulalamika ndiyo starehe pekee tuliyobakiwa nayo, tulikwenda wote.

Mwalimu wetu aliitwa Ponsiano. Mtu mwema, mpole, mwoga kama kifaranga. Kitukufu chenyewe alikuwa ametutangulia ukurasa mmoja, na siku akipatwa na homa tunampita. Tuliketi kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yakigusa kidevu. Mimi nikachaguliwa kiranja, si kwa akili, bali kwa sababu nina kengele ya baiskeli.

Sasa kitabu kilisema hivi: mtu hujifunza lugha kwa kuulizana na mwenzake habari zake binafsi. Zoezi lenyewe liliitwa Kujuana. Mnakaa wawili wawili mkitazamana, unamwuliza mwenzako maswali manne: Unaitwa nani? Unaishi wapi? Unafanya kazi gani? Hujambo? Majibu unayaandika kwenye kadi yenye mistari minne, kisha unasimama na kumtambulisha mwenzako kwa darasa. Mimi nawaandikia kwa lugha yetu ili mnielewe, maana Kitukufu chenyewe kingewavunja taya.

Ebu fikirieni. Mtaa mzima tumekua pamoja, tumeibiana maembe, tumeozeshana watoto, leo tunaulizana majina! Siku ya kwanza Bi Semeni, yule muuza vitumbua wa pale njia panda, alipangwa na mzee Kibwegere. Mzee Kibwegere ni mumewe wa miaka thelathini na minne.

"Unaitwa nani?" akauliza Bi Semeni, kalamu mkononi.

"Semeni, umeanza wazimu?"

"Jibu, mzee. Mwalimu anatuangalia."

"Kibwegere."

"Unaishi wapi?"

"Kwako."

"Unafanya kazi gani?"

Mzee Kibwegere akakohoa. Akatazama dari. Bi Semeni akaweka kalamu chini, akakunja mikono.

"Chukua muda wako, baba," akasema. "Swali hili nimelisubiri miaka mingi."

Darasa zima tulicheka mpaka Mwalimu Ponsiano akaniambia nipige kengele.

Wiki ya pili tukaletewa zoezi jingine, Tafuta Mtu Ambaye. Unapewa karatasi, unazunguka darasani unauliza: nani ana mbuzi, nani ana redio, nani ana shangazi upande wa pili wa mpaka. Tulizunguka kwa furaha, tukaandika. Kumbe! Jumatatu iliyofuata bwana mifugo alifika kwa kila mwenye mbuzi, akiwa na majina tayari. Mwenye redio akafuatwa na bwana redio. Mwenye shangazi akafuatwa na watu ambao hawakusema ni mabwana wa nini. Tangu siku hiyo hakuna mtu darasani kwetu aliyekuwa na mbuzi, wala redio, wala shangazi. Mwalimu Ponsiano alitusifu sana, akasema tumeshika vizuri namna ya kukanusha.

Lakini lililotuponza hasa lilikuwa lile swali la nne, Hujambo.

Kwetu, mtu akikuuliza hali, jibu la kwanza ni zuri. Huo ndio utu. Hata kama umetoka kuzika, unasema njema. Mwaka mmoja nyumba ya jirani yangu iliungua, nikamkuta asubuhi amekaa kwenye majivu. Nikamwuliza, "Habari za asubuhi?" Akasema, "Njema kabisa, Sangoda. Za kwako?" Nikamwambia njema. Nikauliza habari za watoto, akasema salama. Nikauliza habari za nyumba. "Aa, nyumba," akasema, "nyumba imeungua yote." Ndivyo tulivyo. Msiba tunauweka nyuma ya salamu, na mwenye kutaka kuujua lazima aulize mara mbili, mara tatu, bila kuuachia mkono wa mwenzake.

Kadi, lakini, ilikuwa na mstari mmoja tu wa Hujambo. Na chini yake palichapwa kwa wino mwekundu: JIBU LA KWANZA NDILO JIBU. Ilikuwa sheria halali. Inasemekana mwanzoni walijaribu kadi ya mistari mingi katika mtaa mwingine, wakamwuliza bibi mmoja hali yake. Jibu lilichukua siku mbili na madaftari manne, na karani aliyekuwa akiandika akaomba likizo.

Basi tukaulizana wote Hujambo, tukajibu wote Sijambo, kadi zikakusanywa na kupelekwa Wizara ya Hali Njema. Baada ya wiki tatu ikaja barua, Mwalimu akatusomea.

"Wizara imefurahi mno kugundua, kwa maneno yenu wenyewe, kwamba katika mtaa wenu hakuna hata mtu mmoja asiyekuwa mzima. Kwa hiyo zahanati yenu itafungwa Ijumaa, kwa lakiri na heshima zote. Vifaa vyake vitapelekwa Jumba la Makumbusho, ili vizazi vijavyo vione jinsi watu wa zamani walivyokuwa wakiugua. Mheshimiwa Waziri atafika mwenyewe kuwapongeza. Lakiri itavunjwa tu endapo mtaa utapata mgonjwa aliyeandikishwa kwa kadi."

Tukapiga makofi. Mkono ukizoea kupiga makofi haumsubiri mwenyewe.

Bi Semeni hakupiga. Binti yake Havijawa alikuwa na mimba ya miezi tisa kasoro siku chache. Uzazi wa kwanza mtoto alikaa vibaya, akafa kabla hajatoka, na Havijawa mwenyewe alirudishwa na Nesi Leokadia wa zahanati naye akiwa ameshika njia ya kumfuata. Hospitali nyingine ni mwendo wa saa sita kwa gari, tena mto usipojaa. Mto ulikuwa umejaa. Nawaambia ukweli, yule mama mcheshi aliogopa. Nilimwona anakaanga vitumbua siku hiyo, anavigeuza vilivyokwisha kugeuka.

Kesho yake alimchukua binti yake, wakaenda ofisi ya kadi, ambako Wizara ilikuwa imezirudisha kadi zetu zitunzwe. Nilifuatana nao kama kiranja, na kengele yangu. Karani alikuwa kijana nadhifu, tai imemkaba vizuri.

"Mwanangu," akasema Bi Semeni, "huyu binti yangu anakaribia kujifungua. Zahanati isifungwe."

Karani akatafuta kadi, akaipata. "Havijawa, binti Kibwegere. Hajambo." Akafunga sanduku. "Hapa hakuna mimba, mama."

"Si hii hapa unaiona?"

"Mama, mimi naona kadi."

"Iguse basi! Mtoto anapiga teke, iguse!"

"Siruhusiwi kugusa kitu kisichokuwa kwenye kadi," akasema kijana, akarudisha kiti nyuma kidogo, maana tumbo lilikuwa limefika mezani.

"Sasa hii kadi inabadilishwaje?"

"Haibadilishwi. Jibu la kwanza ndilo jibu."

Tukarudi. Bi Semeni akatangulia mpaka kwake. Kisha akaniuliza, "Sangoda, huyo Waziri akija Ijumaa, darasani ataingia?" Nikamwambia ataingia, tena atafanya zoezi, imeandikwa kwenye ratiba. "Haya," akasema, na akaenda kuloweka mchele wa vitumbua.

Ijumaa ikafika. Waziri wa Hali Njema, Mheshimiwa Pendaeli Mkwidu, alianzia zahanati saa nane mchana. Akafunga mlango, akabandika lakiri nyekundu, ile nta ya mhuri, kwa mkono wake, tukaimba. Nesi Leokadia alisimama pembeni na visanduku vyake vya vifaa, amejifunga kanga kiunoni. Havijawa alikaa kwenye kivuli cha ukuta, mikono imeshika kiuno. Tangu alfajiri alikuwa anahisi maumivu yanakuja na kuondoka. Mama yake alimwuliza kama ndiyo yenyewe, akajibu hajambo, na mama yake akamwambia, "Mimi si kadi, sema kweli." Akasema kweli.

Saa tisa tukaingia darasani. Mheshimiwa alikuwa mtu mnene, mwenye suti ya rangi ya maziwa, na shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kama andazi. Tuliliona wote. Lakini shavu la waziri ni jambo la serikali. Mwalimu Ponsiano akamkaribisha, akasema, "Mheshimiwa, tunafurahi kuona afya yako imezidi, hasa upande huu."

Katibu wake, bwana mrefu mwenye mkoba, akasoma utaratibu: Mheshimiwa atafanya zoezi la Kujuana na mwananchi asiyemfahamu. Kwa kuwa Mheshimiwa hakumfahamu mwananchi yeyote, uchaguzi ulikuwa mpana. Kabla Katibu hajamaliza kutazama huku na huku, Bi Semeni alikuwa amekwisha kukaa mbele ya Waziri na kadi yake.

"Unaitwa nani?" akauliza kwa Kitukufu kizuri.

Mheshimiwa akataja jina lake na vyeo vyake vyote. Bi Semeni akaandika.

"Unaishi wapi?"

"Makao Makuu."

"Unafanya kazi gani?"

"Ninahakikisha watu wako katika hali njema."

Bi Semeni akaandika, taratibu. Kisha akaunyosha mkono wake, akaushika wa Waziri.

"Hujambo?"

"Sijambo!" akasema Mheshimiwa, na darasa tukapiga makofi. Katibu akafungua mkoba ili aipokee kadi.

Bi Semeni hakuuachia ule mkono.

"Na nyumbani?" akauliza. Swali hilo halikuwa kwenye kitabu. Mwalimu Ponsiano alishika kifua.

"Nyumbani... salama," akasema Waziri.

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Kulala unalala, baba?"

Hapo alikuwa ameshaacha Kitukufu, anasema lugha yetu ya siku zote, ile iliyopigwa marufuku kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja. Katibu akaanza kukohoa kwa nguvu ili serikali isisikie.

"Nalala kidogo," akasema Waziri, naye kwa lugha ile ile.

"Kula je? Kula unakula?"

Mheshimiwa akauinamia ule mkono. Macho yakamjaa maji. Watu wangapi walikuwa wamemwuliza hali tangu awe waziri? Maelfu. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza mara ya pili.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Sasa ndiyo tumeanza kusalimiana. Nambie."

"Mama, sijala tangu Jumanne. Jino! Jino linaniua! Nikienda hospitali wataandika, Waziri wa Hali Njema anaumwa, kazi itakwisha siku hiyo hiyo. Usiku nauma mto, mama, nauma mto!"

Akalia kabisa, suti yake yote ya maziwa ikatikisika. Sisi tukatazama mbao za dari kwa heshima.

Nesi Leokadia akasimama nyuma ya darasa. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Koleo ninalo kwenye kisanduku, sindano ya ganzi ninayo. Kiti na maji ya kuchemsha viko zahanati, na zahanati ameifunga mwenyewe."

"Ifunguliwe!" akapiga kelele Waziri.

"Haiwezekani, Mheshimiwa," akasema Katibu kwa unyenyekevu mkubwa. "Lakiri haivunjwi mpaka mtaa uwe na mgonjwa wa kwenye kadi. Mtaa hauna. Na wewe umejibu, Sijambo. Jibu la kwanza ndilo jibu. Saini ya sheria hiyo ni yako, nilikushikia wino."

Waziri akashika shavu lake, akaanza kuitukana sheria ile kwa maneno ambayo Kitukufu bado hakijayapata.

"Kadi gani hiyo mnayoisema?" akauliza Bi Semeni, mpole. "Ni hii? Mbona mimi mstari wa nne sijaandika kitu."

Katibu akainyakua. Kweli, ulikuwa mweupe.

"Kwa nini hukuandika?"

"Ningeandikaje, mwanangu, na mtu hajamaliza kusalimia?"

Akairudisha kadi mezani. Neno la Kitukufu la jino lilikuwa somo la kumi na nne, nasi tulikuwa la tatu, kwa hiyo alichora jino. Akalichorea na mizizi yake, mitatu. Katibu akaligeuza upande huu na upande ule, akatafuta sheria inayokataza michoro, hakuipata. Akapiga mhuri. Wagonjwa wa mtaa: mmoja.

Lakiri ikavunjwa. Waziri akaingia zahanati akikimbia, na nyuma yake Havijawa akaingia akishikwa na mama yake. Katibu akazuia mlango, huyu naye ni nani? Nesi Leokadia akamjibu, "Msindikizaji wa mgonjwa. Unataka Mheshimiwa asindikizwe na nani, na wewe?" Akawapitisha.

Nilibaki mlangoni na kengele yangu, nikaona yote. Jino lilitoka kwa shida, lina mizizi mitatu kama ilivyochorwa. Waziri akajazwa pamba mdomoni, akalazwa kwenye benchi. Akafumba macho, uso ukamlegea kwa raha, akawa mtu wa kawaida tu aliyepumzika. Chumba cha pili, nyuma ya pazia, Havijawa alikuwa ameanza kuguna. Nesi akanawa mikono akaenda huko. Nilisikia anasema, "Polepole, mama. Huyu naye anataka kukaa vibaya kama mwenzake. Usisukume bado. Tutamgeuza, lakini nipe muda."

Bi Semeni akatoka kuchukua beseni la maji. Ndipo akamwona Katibu.

Katibu alikuwa amekaa kwenye stuli, kadi mpya juu ya goti. Mbele yake mshumaa unawaka, na lakiri nyekundu inayeyuka katika kijiko. Sheria ilikuwa wazi. Mgonjwa akipona, mtaa hauna mgonjwa, na zahanati isiyo na mgonjwa hufungwa papo hapo, waliomo watoke. Alikuwa mtu mwaminifu, mimi simlaumu. Mkate wake ulikuwa humo.

"Mheshimiwa," akasema, "kwa mujibu wa sheria. Hujambo?"

Bi Semeni akasimama na beseni lake. Alifungua mdomo, lakini mwulizwa hakuwa yeye, na kwetu mtu hamjibii mwenzake salamu. Nyuma ya pazia Havijawa akapiga ukelele mmoja mrefu.

Mheshimiwa alikuwa amekaa Baraza la Mawaziri miaka kumi na tisa. Ulimi wa mtu kama huyo haungoji amri.

"Sijambo," akasema, pamba mdomoni.

Katibu akashusha kalamu. Nami, Mungu anisamehe, nilifumba macho.

Nilipofumbua, kalamu ilikuwa haijagusa karatasi. Waziri alikuwa ameinuka kwenye benchi, ameushika mkono wa Katibu, tena ameushika sawasawa, kwa vidole vyote, kama yeye mwenyewe alivyoshikwa mchana ule. Akatema pamba kwenye kiganja. Akatazama pazia, akamtazama Bi Semeni.

"Niulize tena," akasema.

Katibu alitoa jasho. Alitafuta swali katika mkoba, katika kitabu, katika dari. Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuuliza mara ya pili.

"Na... na nyumbani, Mheshimiwa?"

"Nyumbani!" akasema Waziri. Akavuta pumzi, akajilaza tena, mkono hauachii. "Zima kwanza huo mshumaa, ndugu yangu, halafu ukae kitako."